Dakika Kumi na Moja za Barabara Kubwa

Muaz alikuwa mbishi tangu tumboni. Ukimwambia leo Jumatano, atakuuliza nani kakwambia. Basi ofisini kwao, kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini, watu wawili walipokuwa na pikipiki za umeme, yeye na Jovin, ungetegemea nini kama si ubishi? Jovin alisema barabara kubwa inakula chaji kwa sababu ya mwendo. Muaz akasema uongo mtupu, kinachokula chaji ni kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka, kama anavyofanya yeye kila asubuhi katikati ya mji. Wakabandika karatasi ukutani yenye safu mbili: siku kumi mitaani, siku kumi barabara kubwa, dakika ngapi, chaji asilimia ngapi.

Siku kumi za mitaani hazikumpa Muaz tabu, maana ndiyo njia yake. Kutoka Ukonga alikunja Tazara, akapita Buguruni, akaishika Barabara ya Uhuru mpaka Kariakoo, akijipenyeza kati ya mikokoteni na wachuuzi hadi akatokea Mchafukoge. Hapo, chini ya ghorofa moja kuukuu, alipiga honi mara mbili.

Mama yake, Bi Ruqaya, aliishi peke yake ghorofa ya tatu. Magoti yalishakataa ngazi, na habari ya kuhama hakutaka hata kuisikia. Akisikia honi alishusha kikapu kwa kamba kutoka roshani: chupa ya chai ya tangawizi na vitumbua vinne ndani ya kitambaa. Muaz alikunywa chai ameegemea pikipiki, akatia kikapuni ndimu au mchicha alioagizwa, kikapu kikapanda.

"Na muda wa chai unauhesabu?" Jovin aliwahi kumuuliza.

"Nauhesabu. Ni sehemu ya njia."

Siku ya mwisho ya safu ya kwanza alipaza sauti juu. "Mama, kuanzia kesho sipiti huku. Wiki mbili tu, naipima pikipiki."

"Inaumwa?"

"Hapana. Nabishana na Jovin."

Bi Ruqaya alicheka mpaka akashika chuma cha roshani. "Haya, bishana, baba. Kikapu nitakishusha vilevile, huenda ukashindwa mapema."

Tuseme ukweli, barabara kubwa aliifurahia. Kutoka Ukonga moja kwa moja, juu ya daraja la Tazara upepo unapiga kifuani, akateremka mpaka Gerezani, mara bandarini. Hakuna mkokoteni, hakuna mtu wa kumwomba njia. Kila jioni alimpigia mama simu, na mama alimuuliza lile lile: "Leo umepita wapi?" Akajibu barabara kubwa. "Haya," mama akasema, kisha wakazungumza mengine.

Siku ya tisa Jovin aliisoma karatasi kwa kidole. "Chaji umeshindwa, dakika umeshinda. Yatosha, bwana. Kesho kamsalimie mama."

"Kumi kwa kumi," alisema Muaz. "Usije ukasema nimepunja."

Siku ya kumi, saa nane mchana, simu ikalia. Alikuwa Angela, fundi cherehani wa barazani pale chini ya ghorofa. "Kaka Muaz, mama hafungui mlango."

Walipouvunja walimkuta amelala kwenye kizingiti cha roshani, mdomo umekwenda upande, pumzi bado ipo. Hospitalini daktari aliuliza jambo moja tu: alianguka saa ngapi? Muaz alimtazama Angela. Angela alikuwa analia.

"Kikapu kilikuwa kinaning'inia tangu saa moja na nusu. Siku zote hizi anakiacha hadi saa tatu, anasema labda mwanangu atabadili mawazo. Leo kilipopitiliza nikasema kajisahau. Nikaendelea kushona, kaka. Nisamehe."

Daktari akasema ni kiharusi, na kwamba kiharusi ni ugonjwa wa kuwahiwa. Angepiga honi mara mbili asubuhi ile na asione uso wa mtu roshani, Muaz angezipanda zile ngazi tatu tatu. Bi Ruqaya alikata roho kabla ya Magharibi. Walimzika kesho yake baada ya Adhuhuri, na Muaz mwenyewe alishuka kaburini kumpokea.

Baada ya hitma alirudi kazini. Alipita mitaani. Pale Mchafukoge alisimama, mkono ukaenda kwenye honi wenyewe, akauondoa. Kamba ilikuwa bado imefungwa kwenye chuma cha roshani. Angela alisimamisha cherehani mpaka alipoondoka.

Jovin alikuwa ameibandua karatasi na kuificha kwenye mtoto wa meza. Muaz aliidai, akaivutia kwake, akajaza mstari wa kumi. Kisha akapiga hesabu, maana mbishi ni mbishi hata akiwa amevunjika moyo. Mitaani, dakika hamsini na mbili kwa siku, chai ikiwemo. Barabara kubwa, arobaini na moja.

"Dakika kumi na moja," alisema.

"Achana nazo, ndugu yangu," Jovin akamwambia.

"Nilizifanyia nini?"

Jovin alijua, kwa kuwa walikuwa pamoja. Ofisi ile haifunguliwi kabla ya saa mbili kamili, na ufunguo ni mmoja, anao mzee Mbaruku, mwenye kampuni. Siku zote kumi Muaz aliwahi kufika, akakaa kwenye ngazi za mlangoni kusubiri afunguliwe. Siku ya kumi alikaa pale na chai ya kununua mkononi, anacheka na simu yake, na kikapu kilikwisha shushwa.