Alichosahau Kumuuliza Shangazi

Kwa miezi mitatu mtafiti alihangaika na majani ya shangazi yake, na majani hayakumpa hata chembe ya matumaini.

Nyumbani walimwita Daktari, ingawa hakuwahi kumtibu mtu hata mafua. Kazi yake ilikuwa kusaka dawa kwenye mimea: anakausha majani, anayasaga, anayaloweka kwenye spiriti, kisha anadondosha maji yake kwenye visahani vilivyooteshwa bakteria wa vidonda. Dawa ikiwa na nguvu, bakteria hufa kuzunguka tone na kuacha duara safi, kama mtu aliyefuta vumbi mezani kwa kidole. Visahani vyake havikuwa na duara lolote. Bakteria walijaa ukingo hadi ukingo, wamenawiri kama wageni wa harusi.

"Hawa wanakupenda," alisema fundi wa maabara, akichungulia kisahani cha arobaini na moja. Fundi huyu walimbandika jina la Lebo, kwa sababu hakuna kitu alichokiacha bila kibandiko, hata kijiko chake cha chai.

Profesa, mkuu wa maabara, hakuwa mtu wa utani. "Ukifika Ijumaa mikono mitupu, tunahamia mmea mwingine."

Si Ijumaa iliyomkosesha mtafiti raha. Alikuwa ameiona dawa ile ikifanya kazi kwenye goti lake mwenyewe, akiwa na miaka tisa, kidonda kimetunga usaha na mama yake ameshakata tamaa. Shangazi alikipaka siku mbili, ya tatu kikaanza kukauka. Sasa angemwambiaje kwamba maabara nzima imeshindwa kuona alichokiona mtoto?

Jumatatu alipotoka kazini akapitia kwa shangazi. Shangazi alikuwa fundi cherehani, na chumba chake kilikuwa kimejaa vitambaa mpaka mgeni alilazimika kuhamisha suruali za watu ndipo apate pa kukaa. Alimsikiliza mpwa wake bila kuinua mguu kwenye pedali.

"Kwa hiyo majani yangu ni bure."

"Sikusema hivyo, shangazi. Nimesema sijaona kitu."

"Umeyafanyaje?"

"Nimeyakausha kwenye joto, nikayasaga, nikaloweka kwenye spiriti."

Cherehani ikanyamaza. Shangazi akavua miwani, akamtazama kama anayemtazama mteja aliyekwenda kufua koti la sufu kwa maji ya moto.

"Nani alikwambia ukaushe?"

"Shangazi, ulinionyesha mwenyewe. Nikakuuliza majani gani, ukanipa haya."

"Ndiyo. Uliniuliza majani gani. Hukuniuliza nayafanyaje."

Mtafiti alihisi masikio yakipata moto. Miaka sita chuoni, daftari nne za maelezo, na swali hilo halikuwa limempitia kichwani. Alikumbuka ule uji wa kijani uliopakwa gotini, na akakiri moyoni kwamba hakuwahi kufikiri umetoka wapi.

Kesho yake shangazi alifika maabara na mfuko wa majani mabichi. Alivalishwa koti jeupe, akaligeuza pindo, akasikitika. "Aliyeshona hili alikuwa na haraka ya kwenda wapi?" Halafu akaanza kazi. Alitwanga majani bila kuyaosha, akayatia kwenye gudulia, akaongeza maji ya uvuguvugu na chumvi kidogo, akafunika kwa kitambaa.

"Siku nne. Usifungue, usitikise."

"Tutajuaje kama yako tayari?" Lebo aliuliza, kibandiko mkononi.

"Utajua tu."

Profesa aliongeza wiki moja, shingo upande. Siku ya tatu Lebo alijua. Harufu ilikuwa ya soksi zilizosahauliwa kwenye begi la safari, na alihamishia meza yake karibu na dirisha bila kumuaga mtu. Siku ya nne walichuja ule uji, wakadondosha kwenye visahani, wakavifungia kwenye kabati la joto.

Asubuhi iliyofuata mtafiti alifungua kabati, akatoa kisahani cha kwanza, akakiinua kwenye mwanga. Katikati palikuwa na duara safi, pana kuliko kifungo cha koti. Cha pili vilevile. Alikaa kwenye kiti cha Lebo, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu.

Profesa alipoonyeshwa, alikunja uso. "Kimechacha hiki. Huenda ni ukali tu, hata siki ingefanya hivyo."

Ilikuwa hoja ya haki. Mtafiti akaupoza ukali wote wa ule uji kwa magadi, akapima upya, na duara likabaki palepale. Kisha akachemsha majani kwanza kabla ya kuyavundika. Safari hii hakukuwa na harufu wala duara. Hapo akaelewa: dawa haikuwa ya jani. Kulikuwa na bakteria wanaoishi juu ya jani, wasio na makuu, na wakipewa siku nne gizani ndio hao waliotengeneza kitu cha kuwaua wenzao.

Alikimbia kumpa shangazi habari njema. Shangazi hakuzipokea vizuri.

"Bakteria?" Akaweka mkasi chini. "Miaka thelathini nimekuwa nikiwapaka watu bakteria kwenye vidonda?"

"Hawa ni wazuri, inavyoonekana."

"Inavyoonekana." Shangazi akalitazama goti la mpwa wake. "Goti lako lile. Kama wangekuwa wabaya je?"

Mtafiti hakutaka kumfariji kwa uongo. Alimwambia kwamba hawajui bado, na kwamba kujua kunaweza kuchukua miaka. Jioni ile shangazi alimwaga gudulia lake la nyumbani, na jirani aliyekuja na kidonda cha kisigino akamwelekeza zahanati. Jambo hilo lilimkaa vibaya. Siku kadhaa alishona bila kuimba, na waliomzoea waliliona hilo.

Ndipo mpwa akamwita tena maabara, akamketisha mbele ya hadubini. Shangazi alifumba jicho moja, kama anayetunga uzi kwenye sindano, akasogeza kichwa, akatulia.

Aliwaona. Walikuwa vijiti vidogo vilivyoshikana mikia, mistari mirefu inayopinda.

"Kama mshono wa mnyororo," alisema hatimaye. "Wanakula nini?"

"Sukari iliyo kwenye jani."

"Na mnawapa?"

"Kila siku. Lebo anawalisha kuliko anavyojilisha mwenyewe."

Mtafiti akamwekea mbele rasimu ya ripoti, ambayo profesa alikuwa amekwisha kuisaini. Jina la shangazi lilikuwa la pili, baada ya la mpwa wake. Shangazi hakulishangaa jina. Aliomba kalamu, akapita sehemu ya matayarisho mstari kwa mstari, na penye "maji ya moto kiasi" akapiga mstari mmoja mnene.

"Vuguvugu," alisema. "Ya moto mtawaua."