Majina Yaliyofungiwa Kabatini

Donge lilikuwa limemkaba Kokusima tangu asubuhi, naye si mtu wa kulimeza donge. Miaka tisa alikuwa mkaguzi wa kampuni ya kushona sare, akizunguka kwa wauzaji wa pamba na nyuzi kuhakikisha hakuna anayefanyishwa kazi kwa nguvu. Leo Mkurugenzi amesimama mbele ya ofisi nzima kumsifu Nyamizi, mtu wa juzi tu, eti kwa kwenda kukagua kiwanda cha kuchambua pamba bila kutoa taarifa! Ripoti ikaletwa kwa Kokusima aithibitishe. Ilisema vibarua wamenyang'anywa vitambulisho, vimefungiwa kabatini, na hakuna anayeruhusiwa kutoka getini. Kiwanda hichohicho yeye alikikagua mara tatu, na mara zote aliandika "safi." Roho ilimuuma. Neno moja tu, "haijathibitishwa," lingetosha mkataba wa kiwanda kile uendelee na Nyamizi arudi kwenye saizi yake. Aliifungia ripoti kwenye droo, akashika ufunguo mkononi, akalaza kichwa mezani apumzike kidogo kabla ya kuliandika neno hilo. Usingizi ukamchukua palepale.

Akajiona yuko katika nchi nyeupe, vumbi la pamba limetanda mpaka upeo wa macho, wala hakuna ndege aliyelia. Mwanamke mmoja alimjia akiwa amevaa gauni lilelile alilovaa Nyamizi asubuhi ile, tena likimkaa vizuri zaidi. "Mimi ni Wivu," alisema, akamshika mkono kama shoga wa siku nyingi. "Nimekuwa nawe tangu asubuhi. Twende, nakujua kuliko wanavyokujua wao." Kokusima alifarijika kweli, maana siku nzima hakuna aliyemwambia neno tamu. Wakafika kwenye jumba lenye veranda, na mlangoni alisimama bwana mnene mwenye aproni, jina lake Takrima. "Karibu, mama mkaguzi! Barua yako tuliipata wiki iliyopita, mbuzi tukamchinja mapema." Pilau ilipakuliwa, soda zikafunguliwa, na fomu ya ukaguzi ikaletwa pembeni ya sahani ikiwa imeshajazwa. Alikumbuka kwamba ndivyo ilivyokuwa mara zote tatu, na kwamba hakuwahi kuinuka kwenye kiti kile.

Safari hii aliinuka, kwa sababu kule nyuma alisikia mtu anakohoa. Penye mlango wa uani alikaa mwanamke mwembamba, viatu vyake vimejaa vumbi. "Naitwa Swali," alisema. "Mimi huwa sialikwi mezani. Anayenitaka hunifuata huku, na akinifuata asitegemee kurudi na hamu ya kula."

Uani watu walikuwa wamebeba marobota ya pamba, nao hawakuwa na nyuso. Pale penye uso palikuwa laini kama ganda la yai. Kokusima alimwuliza mmoja jina lake. "Limo kabatini," akajibu. "Walisema wanatutunzia tusipoteze. Dada mmoja alikuja akatuuliza, akaahidi atatutolea. Anaitwa Nyamizi. Wewe ni yeye?"

Jamani, hata huku! Kijicho kilimchoma akasahau hata huruma. Wivu akacheka, akaruka akakaa juu ya kabati la chuma lililokuwa ukutani, miguu ikining'inia. "Umesikia? Hata usingizini wanamtaja yeye. Liache limefungwa."

"Wanamtaja kwa kuwa aliwauliza," alisema Swali, bila ukali. "Ungeuliza wewe kwanza, wangekuwa wanakutaja wewe. Sikukatazi kumwonea wivu. Nakuuliza tu, unamfungia nani?"

Kokusima alitazama kabati, akaliona lina mpini wa shaba uliokwaruzika upande mmoja. Ulikuwa mpini wa droo yake. Yule asiye na uso alikuwa bado amesimama na robota kichwani, akingoja jibu.

Alizinduka na alama ya ufunguo kiganjani. Jua la alasiri lilikuwa bado dirishani, na Nyamizi amesimama mlangoni. "Shikamoo, dada Koku. Samahani, ile ripoti..."

"Marahaba." Lile gauni lilimpendeza kwa kweli, na bado lilimuudhi. Kokusima alifungua droo, akaisaini ripoti, na chini ya sahihi akaandika kwamba ukaguzi wake wa mara zote tatu ufutwe. Kisha akaipeleka mwenyewe kwa Mkurugenzi.

Mkurugenzi alisoma mpaka mwisho, akavua miwani. "Bi. Kokusima, umekwenda pale mara tatu. Vibarua walikuambia nini?"

"Sikuwauliza," alisema. "Nilikula pilau."