Gari Lililokataa Kunywa

"Hicho ni kitambaa cha kufunikia mikate!"

"Kilikuwa cha mikate, mama. Sasa hivi ni cha gari."

"Nirudishie."

"Kishaingia polishi. Ukifunikia mkate, wateja watakula mkate unaong'aa."

"Usinichekeshe wakati nimekasirika, Limbert. Shati la marehemu baba yako umeshalimaliza. Foronya umemaliza. Kesho utanivua sketi."

"Hiyo sketi ingefaa kweli. Ile moja tu inatosha magari matatu."

Bi Eulogia alikuwa anamenya viazi mlangoni. Akamtupia kimoja mwanawe. Kikampiga begani, kikadunda, kikaenda chini ya gari. Limbert hakukiokota. Alirudi kusugua.

Gari lilikuwa limesimama katikati ya ua wao huko El Alto, mji wa juu milimani, limeziba njia ya chooni, na kila mwenye haja ilibidi apite kiubavu huku amebana tumbo. Lilikuwa la viti saba, jekundu kama divai. Lilitoka Japani na usukani kulia, likateremshwa bandarini Iquique, fundi akauhamishia usukani kushoto na kuacha shimo kule ulikotoka. Shimo hilo Limbert aliliziba kwa picha ya Bikira.

Alikuwa na miaka ishirini na sita. Shule aliiacha mapema kwa sababu kukaa kitini kulimuuma, halafu akaishia kuwa dereva, kazi ya kukaa kitini. Miaka yote hiyo aliendesha magari ya watu. Hili lilikuwa lake. Jumatatu lingeingia kwenye zamu pale kituoni, na Jumapili, kabla ya hapo, lilikuwa liende Copacabana, kwenye kanisa la Bikira kando ya ziwa, kubarikiwa kama magari yote ya watu wenye akili. Likishabarikiwa, mama yake angekaa kiti cha mbele, kulia kwake, awe abiria wa kwanza, warudi naye nyumbani. Hilo ndilo alilolitaka. Mengine yote yalikuwa ya kujazia.

Boneti alikuwa ameigawa vipande vinne kwa utepe wa karatasi, kila kipande na dawa yake. Kimoja alikipaka nta laini ya kopo lenye picha ya gari la mashindano. Kingine alikipulizia maji ya chupa isiyo na jina, aliyouziwa sokoni na jamaa aliyejipulizia nywele mwenyewe kuonyesha kwamba haina madhara. Halafu kulikuwa na nta ngumu ya njano kutoka Brazili, inayokwanguliwa kwenye majani ya mti fulani wa jamii ya mnazi, ngumu kama jibini la zamani. Mpaka uikalie kwanza ndiyo ilainike.

Kipande cha nne kilikuwa dawa ya viatu. Hayo yalikuwa mawazo ya Froilán.

Froilán alikuwa mume wa dada yake Limbert. Alikaa juu ya kreti la bia tangu asubuhi na kazi yake ilikuwa kutoa maoni.

"Wale wang'arisha viatu wa mjini," alisema, "wakimaliza kiatu chako unaweza kuchana nywele ukijitazamia humo. Sasa gari kwa nini lisikubali?"

"Shemeji, boneti si kiatu."

"Vyote vinatembea barabarani."

Dawa ya viatu ilikataa kukauka. Vumbi la El Alto likaja lote likakaa pale, paka naye akapita akaacha nyayo, mmoja hata leo haujatoka. Froilán akasema kosa ni la paka.

Nta ya kopo iling'aa vizuri ila iliacha madoa meupe kila pembe, kama mtu aliyekula unga akasahau kufuta mdomo. Ile ya chupa ilikwenda haraka, unapuliza unafuta, lakini ukisogea upande unaona mistari. Ya Brazili ilimtoa jasho. Aliisugua mpaka bega likawaka, akaiacha ikauke, akaisugua tena kwa kitambaa cha mikate, na kitambaa kikageuka chekundu, maana rangi ya gari lenyewe ilikuwa ya zamani na ilikuwa inatoka kidogo kidogo. Alipomaliza, kipande kile kilikuwa na kina. Ungeweza kutia mkono ndani.

"Lipige maji," Froilán alisema. "Maji ndiyo hakimu."

Limbert akachukua jagi, akamwaga taratibu kutoka kipande hadi kipande. Kwenye dawa ya viatu maji yalisimama kama dimbwi. Kwenye kopo na chupa yalikatika katika vipande, yakatoka kwa kusitasita. Kwenye nta ya Brazili yaligeuka shanga. Shanga nyingi, ndogo, za mviringo kabisa, zikakimbizana mpaka ukingoni, zikaruka chini, na boneti ikabaki kavu kana kwamba haijawahi kuona maji.

"Ee!" Froilán alisimama kutoka kwenye kreti, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

Bi Eulogia naye aliacha viazi.

"Rudia," akasema.

Limbert akarudia, akicheka. Alidhani amependa.

"Maji yameenda wapi?"

"Chini, mama."

"Yote?"

"Yote! Ndiyo uzuri wake huo. Halilowi hata tone."

Bi Eulogia alitazama tofali la uani lililokuwa limelowa, akatazama boneti.

"Halinywi," akasema, akarudi kwenye viazi vyake.

Limbert hakulijali hilo neno. Alikuwa anaondoa utepe. Siku mbili zilizofuata alilipaka gari zima nta ya Brazili, paa, milango, hata kifuniko cha tangi la mafuta. Ilipobaki chupa isiyo na jina, alikumbuka yule jamaa wa sokoni alisema inafaa hata kwenye vitambaa vya viti. Basi akakipulizia kiti cha mbele cha kulia, tabaka juu ya tabaka, mpaka chupa ikakohoa ikaisha. Mama yake aliuza api pale kituoni, ule uji wa mahindi ya zambarau, na chupa yake ya chai ilikuwa inavuja tangu inunuliwe. Api ikiingia kwenye kiti haitoki. Sasa ingeteremka yenyewe. Kiti chake mwenyewe, cha dereva, hakukipaka kitu.

Hakumwambia mtu. Alitaka siku moja chupa imwagike, mama ashtuke, halafu aone.

Kuhusu baraka, Bi Eulogia hakuwa na hotuba. Mumewe, Leoncio, alinunua lori zamani, wakati Limbert bado mdogo. Siku alipokwenda Copacabana foleni ilikuwa ndefu, akasema atarudi, wiki moja tu. Lori lilikutwa bondeni, chini kabisa, upande wa Caranavi, viti vikiwa bado vimevaa nailoni. Tangu hapo Bi Eulogia hapandi gari ambalo hakuliona likibarikiwa. Hapandi, basi. Kwa hiyo Jumapili ile alitangulia na basi la kampuni, ambalo dereva wake alimjua na baraka zake alizishuhudia, Limbert na Froilán wakafuata na gari jekundu, wakalivusha ziwa pale Tiquina juu ya jahazi la mbao huku Froilán akiwapigia kelele wavushaji wasiliguse kwa mikono michafu.

Mbele ya kanisa magari yalikuwa yamepangana mpaka kona ya pili. Kila moja lilivikwa mashada ya maua, riboni, kofia za karatasi. Bi Eulogia alikuwa ameshafika, amenunua shada la manjano na jekundu na mfuko wa maua yaliyochambuliwa. Alikuwa amevaa sketi yake nzuri. Alilizunguka gari mara moja.

"Limependeza," akasema.

Limbert akajifanya anakaza kioo cha pembeni.

Nyuma yao kulikuwa na basi dogo bovubovu, milango ya rangi tofauti, na mwenyewe alikuwa mzee mnene mwenye kofia. Padri alimaliza lile la mbele yao, akaja kwao na ndoo ya plastiki na brashi, akasoma sala yake haraka kwa kuwa foleni ilikuwa inamsubiri, akachovya, akapiga.

Maji ya baraka yakaanguka kwenye boneti, yakageuka shanga, yakakimbia.

Padri akapiga tena. Yakakimbia tena. Froilán akafungua bia, akaitikisa, akaimwaga juu ya paa, povu likateleza kwa pamoja kama shuka linalovutwa kitandani. Bi Eulogia akarusha maua. Kwenye magari mengine maua yalinata kwenye maji na bia, ukaona magari kama keki. Kwenye gari la Limbert yaliteleza moja moja yakajilundika chini ya bampa.

"Kijana," mzee wa basi bovu akasema, "umelipaka mafuta ya kukaangia?"

Watu wakacheka. Limbert akacheka nao kidogo.

Bi Eulogia hakucheka. "Baba, rudia," akamwambia padri.

"Mama, nimeshabariki."

"Umebariki chini. Maji yote yako chini."

"Mungu haangalii kama bati limelowa."

"Baba, ukimbatiza mtoto, maji yakamkimbia kichwani asilowe hata unywele, utasema amebatizwa?"

Padri alifikiri. "Hilo halijawahi kutokea."

"Basi limetokea leo."

Mzee wa basi akapiga honi. Padri akatazama foleni, akatazama ndoo.

"Fungua milango," akasema. "Nitabariki ndani, halafu tusogee."

Limbert akafungua mlango wa kushoto mwenyewe, mbiombio. Brashi ikapiga kiti cha dereva, na kitambaa kikanywa maji palepale, kikaacha madoa meusi ya mviringo. Bi Eulogia akainama, akagusa kwa kiganja. Palikuwa pamelowa. Akashusha pumzi.

"Haya," akasema. "Kumbe moyo linao."

Wakazunguka upande wa kulia. Limbert alikumbuka ile chupa mguu wake ukiwa tayari umeshainuliwa, akaufungua mlango. Padri akachovya, akapiga.

Shanga. Zilikaa juu ya kiti zikitetemeka, kisha zikateremka mkunjoni, zikadondoka kwenye mkeka. Bi Eulogia akaweka kidole juu ya tone moja lililobaki. Likamkwepa.

"Hiki nacho umekipaka?"

"Ndiyo."

"Chako hukupaka."

"Hiki ni cha kwako, mama. Nilikipaka kwa ajili yako. Api isiingie."

Padri alikuwa ameshahamia kwa mzee wa basi bovu. Fataki zikalipuka mahali fulani. Froilán akainama kuokota maua chini ya bampa.

Limbert akachukua kitambaa cha mikate kutoka chini ya kiti chake, akakilowesha bia iliyobaki, akaanza kukisugua kiti. Alisugua kwa nguvu kama alivyosugua boneti. Bia ilitapakaa ikakimbilia pembeni, ikamlowesha magoti.

"Acha," mama yake akasema.

"Itatoka. Ni dawa ya sokoni tu, itatoka."

"Acha, mwanangu. Utakichana."

Akaacha.

"Jumatatu ingia kazini," Bi Eulogia akasema. "Wewe limekukubali, nimeona kwa macho yangu. Endesha."

"Na wewe?"

"Litoe nta hiyo kwa sabuni ya vyombo. Jumapili ijayo ulilete hapa likiwa chafu, nitakuja."

"Mama, ni masaa matatu tu mpaka nyumbani."

"Baba yako alisema wiki moja tu."

Jua lilikuwa limekaa lote juu ya boneti, na ndani yake mlionekana kanisa, mashada, hata kofia ya mama yake, vyote vimepinda kidogo. Mtu mmoja alipita akapiga picha. Hakuna gari lililong'aa kama lile kwenye foleni nzima.

Bi Eulogia akaokota chupa yake ya chai aliyokuwa ameiweka chini karibu na mlango, akaikaza kifuniko ingawa haikusaidia kitu. Akanyoosha mkono, Limbert akampa kitambaa. Akakikamua bia, akakikunja mara mbili, akautazama ule wekundu uliokiingia.

"Hiki hakifuniki mkate tena," akasema, lakini akakitia kwenye furushi lake, akalifunga mgongoni, akageuka, akaenda zake kwenye mabasi.