Mtihani wa Bure

Mwizi wa siku hizi havunji dirisha. Huvaa tai, akafungua ukurasa mtandaoni, akatangaza nafasi za kazi, na wewe mwenyewe ukampelekea mali yako huku ukimshukuru.

Laker alizipekua kurasa hizo tangu alipomaliza chuo cha kompyuta. Kila asubuhi aliketi kizingitini mwa nyumba yao katika kambi ya jeshi ya Makindye, pale mtandao ulipokamata, akatafuta. Kila tangazo lilimtaka kijana mbichi mwenye uzoefu wa mtu mzima. Basi kampuni moja ya mifumo ya kompyuta ilipomjibu, alipiga vigelegele hadi majirani wakatoka nje. Sharti lilikuwa moja: atengeneze kwanza, kama mtihani, mfumo wa kuwaita wagonjwa kwa zamu katika zahanati. Akifaulu, kazi ni yake.

Alijifungia ndani akautengeneza wote, skrini na sauti. Sauti aliirekodi mwenyewe kwa Kiswahili cha kambini, maana aliwajua wanaokaa kwenye mabenchi ya zahanati: wake wa askari, wachuuzi, Wakongo. Akautuma. Kampuni ikajibu, "Asante, tutawasiliana nawe." Kimya. Alipopiga simu, hawakupokea. Akaamini kwamba ameshindwa, akaanza kuwakwepa majirani kwa aibu. Yaani mwenye haki ndiye aliyeona haya!

Miezi ikapita. Mguu wa mama yake, Ayaa, ukavimba, wakaenda zahanati moja ya Kabalagala. Watu walikuwa wamejaa mpaka mlangoni. Kwenye skrini ya ukutani ikatoka sauti:

"Mama, kaa kwanza. Jina yako itaitwa."

Laker aliinua kichwa. Sauti ilikuwa yake mwenyewe. Ikarudia maneno yale yale, ikarudia tena, bila kumwita mtu yeyote.

"Kwani wewe nafanya kazi hapa na hujaniambia?" Ayaa akauliza.

"Ni ule mtihani wangu, Mama. Wameuuza."

Mchumia juani hulia kivulini, wanasema wahenga. Laker alichumia juani, na waliokula kivulini walikuwa wengine. Hasira ilimpanda.

Akamwendea karani wa mapokezi, Namalwa, Mkenya wa Bungoma, akamweleza yote. Namalwa akashika kichwa. "Dada, hiyo kitu imekwama tangu asubuhi. Wagonjwa hawaingii kwa daktari kama haijawaita. Ngoja nimpigie bosi wa kampuni."

Akampigia, akaweka simu mezani kwa sauti ya juu ili Laker naye asikie. Bosi mwenyewe, Bwana Mumbere, hakuona haya hata kidogo.

"Laker? Ndiyo, nakumbuka. Kazi nzuri sana. Sasa hivi tumetangaza nafasi ya fundi, aombe mtandaoni kama wengine. Ila kwa vile yuko hapo, aurekebishe mfumo kidogo. Tutahesabu kwamba ndio mtihani wake."

Mtihani! Wa kutengeneza kitu walichomwibia!

Laker aliujua ubovu ulipo. Lilikuwa jambo la dakika chache. Akamtazama mama yake, mguu umemvimba kama kiazi. Akameza uchungu wake, akanyoosha mkono kwenye kibodi.

"Laker, toa mkono!" Ayaa alikuwa amesimama, ameshikilia benchi. Akachechemea mpaka mezani, akaiinamia simu. "Wewe bwana, nasikia? Hii mtoto alishafanya mtihani. Kazi yake mlichukua, yeye mkaacha inje. Sasa mnataka afanyie nyinyi tena ya bure, sababu ya mguu yangu? Mguu ni yangu. Itangoja."

"Mama, tusigombane, tutamfikiria..."

"Bwana Mumbere," Laker akasema, na mkono wake ulikuwa umeshaondoka kwenye kibodi, "kazi yangu mmeshaiajiri. Mkinitaka na mimi, njooni mniombe."

Namalwa akaikata simu mwenyewe. Akasimama, akawageukia watu. "Nani alifika wa kwanza?"

Swali gani hilo! Tangu asubuhi walikuwa wamekaa pamoja, kila mtu akimjua aliyemtangulia. Mzee mmoja mwenye mkongojo akasukumwa mbele, nyuma yake mwanamke mwenye mtoto, na mlango wa daktari ukafunguka.

Ayaa na bintiye ndio waliofika mwisho. Laker akamkalisha mama yake, akauinua ule mguu akaulaza mapajani mwake, wakangoja.