Mfano wa Jirani

Mwalimu wetu wa jioni alinirudishia insha yangu ikiwa imejaa neno moja, ameliandika kwa kalamu nyekundu pembeni mwa kila aya: Mfano?

Mada ilikuwa umuhimu wa ujirani mwema. Nilikuwa nimeiandika kwa mwandiko safi, bila kufuta mahali popote, na kusema kweli niliitegemea. Nilianza kwa kueleza kwamba tangu kale binadamu hawezi kuishi peke yake. Nikaendelea kwamba jirani humsaidia jirani wakati wa shida, humliwaza wakati wa huzuni na humtunzia mali yake akiwa safarini. Nikahitimisha kwa kuihimiza jamii idumishe umoja na mshikamano. Mwalimu hakupinga hata jambo moja kati ya hayo. Aliuliza mfano, mfano, mfano, na chini kabisa akaandika: "Lugha nzuri sana. Lakini ni jirani gani, na alifanya nini?"

"Mwalimu, nimekosea wapi?" nilimwuliza.

"Hujakosea, Mzee. Ila insha hii angeweza kuiandika mtu yeyote."

"Mtu yeyote kama nani?" alidakia askari mlinzi anayekaa dawati la nyuma. "Mimi nisingeweza. Mzee Kamusi akianza kushusha maneno, sisi wengine tunafunga madaftari."

Darasa likacheka. Wamenibandika jina hilo tangu muhula wa kwanza, na sijawahi kulichukia, maana kamusi ni kitabu cha heshima.

"Nakupa mpaka Alhamisi," Mwalimu alisema. Ni binti mdogo, umri wa wajukuu zangu kama ningekuwa nao, lakini akishika chaki hatanii. "Mfano mmoja tu, ila uwe wa kweli. Utausoma hapa mbele kama kawaida. Baada ya hapo ndipo nitakapolipeleka jina lako kwa ajili ya mtihani."

Kusoma hapa mbele ndiyo desturi yake. Mwenye insha husimama na kuisoma, kisha wenzake humwuliza maswali. Dada msusi aliwahi kutuletea mjomba tajiri aliyeinuka kwa bidii yake mwenyewe. Aliulizwa mjomba anauza nini, duka liko wapi, alianza lini, mpaka mjomba akayeyuka mbele ya macho yetu. Kwa hiyo kutunga hakusaidii. Na hata kama kungesaidia, mimi si mtu wa kutunga.

Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji. Kadi za harusi na matangazo ya vifo hatukuyapanga upya kila mara. Sentensi zake tulizifunga kwa uzi zikiwa tayari, tukaziweka rafuni: "wanayo furaha kuwaalika", "kwa masikitiko makubwa". Mteja akija, tunashusha fungu lake na kubadilisha majina na tarehe. Kazi ilikwenda haraka na hapakuwa na makosa. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo, na sioni aibu kulisema. Nimepanga pia vyeti vya shule, marobota kwa marobota, kila kimoja na nafasi tupu katikati kwa ajili ya jina la mwenye nacho. Cha jina langu hakijawahi kuwepo. Ndicho ninachokitafuta sasa, na ndiyo sababu mzee kama mimi anabanana jioni katika dawati la watoto, magoti yamegusa ubao.

Nilipofika nyumbani niliweka insha mezani na kuanza kutafuta. Jirani humsaidia jirani wakati wa shida. Haya, nani? Nikafikiria msiba wa mke wangu. Siku hiyo nyumba yetu ilifurika watu. Kuna waliopika na waliofagia. Kuna aliyeleta viti, na kuna aliyevirudisha. Lakini mimi nilikuwa nimekaa na wanaume, napokea pole huku natazama chini. Ninachokumbuka ni viatu. Nilivipanga kichwani viatu vyote nilivyoweza kuvikumbuka, na hakuna hata kimoja kilichonipeleka kwenye uso wa mtu.

Ukweli ni kwamba mke wangu ndiye aliyekuwa na majirani. Mimi nilikuwa na mke.

Kesho yake alasiri nilivaa shati la mikono mirefu, nikapanda ghorofa ya juu kwa dereva wa lori. Wazo langu lilikuwa jepesi: nitabisha hodi, tutazungumza, na katika mazungumzo mfano utajitokeza. Alifungua mlango nusu, fulana begani, na aliponiona sura ikambadilika.

"Shikamoo, Mzee. Nani amefariki?"

"Marahaba. Hakuna aliyefariki."

"Maji yanavuja kwako?"

"Hayavuji."

"Basi ni hawa watoto. Nimewakataza, Mzee, nimewakataza mpaka sauti imenikauka. Mpira wanauchezea chumbani kama vile ni uwanja. Wewe! Njoo umwombe babu radhi!"

"Sikuja kwa ajili ya watoto. Nimekuja kuwasalimu."

Alinitazama. Kisha akageuza kichwa ndani. "Mama watoto! Mzee wa chini amekuja kutusalimu."

"Kuna nini?" sauti ya mkewe ikauliza.

"Anasema hakuna kitu."

Walinikaribisha, nikapewa kiti kizuri kuliko vyote. Televisheni ikazimwa kwa heshima yangu. Watoto walipangwa ukutani kwa urefu, wakanisalimu kwa zamu, kisha tukakaa. Dereva alisema siku hizi barabara ni mbaya. Nikasema ni kweli. Mkewe akasema joto limezidi, nikamwunga mkono. Kila nilipokohoa, wote watatu, yaani baba, mama na mtoto mkubwa, waliinua nyuso kungojea nilichojia. Nilipoaga, dereva alinisindikiza mpaka ngazini na kuninong'oneza: "Mzee, kama kuna jambo, wewe sema tu, mimi ni mtu mzima." Nikamwambia hakuna jambo. Nikiwa nashuka nilisikia mlango ukifungwa, na mpira ukidunda mara moja, kisha ukanyamazishwa.

Mlango unaotazamana na wangu ni wa mama fundi cherehani. Hushona sare za shule, na cherehani yake naisikia kutwa nzima kupitia ukutani. Kwake niliamua kutozunguka. Nilimkuta ameinama juu ya kitambaa cha buluu, midomo imebana pini.

"Karibu, Baba," alisema kwa upande mmoja wa mdomo. "Ni suruali?"

"Si suruali, mama. Nahitaji mfano."

"Mfano wa nini? Kola?"

Nikamweleza yote: insha, kalamu nyekundu, Alhamisi, jina langu. Alichomoa pini moja moja na kuzichomeka kwenye kifuko, akinisikiliza hadi mwisho.

"Ngoja nielewe," alisema. "Unataka nikusaidie, ili uende kuandika kwamba nimekusaidia?"

"Ndivyo. Kama una nafasi."

Alicheka mpaka akashika kiuno. Hakikuwa kicheko kibaya, lakini nilijikuta nashika vizuri vifungo vya shati langu. "Nafasi ninayo," alisema akifuta macho. "Haya, Baba. Shida yako nini?"

Lilikuwa swali rahisi, tena ameuliza kwa wema. Nikatazama sare zilizotundikwa ukutani, mikono yake mifupi ikining'inia.

"Sina shida," nilisema.

"Hata kidogo?"

"Nashukuru, sina."

"Basi umenishinda! Asiye na shida nitamsaidia nini? Nenda ukaitafute. Ukiipata, uje nayo."

Nilirudi kwangu, nikafunga mlango. Sikuwa na haja ya kutafuta. Alipouliza tu, ilikuja yenyewe, nami nikaikanyaga.

Wakati wa likizo nilifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Nilikwenda mwenyewe na kurudi mwenyewe. Muuguzi aliniuliza, "Umekuja na nani?" nikamjibu kwamba ananingoja nje. Alinipa chupa ya dawa ya matone na kunielekeza: "Mtu wa nyumbani akutie asubuhi na jioni, usijitie mwenyewe, mkono utatetemeka." Nikasema atanitia. Mwanangu yupo, lakini yuko mbali. Hupiga simu kila Jumapili kuuliza naendeleaje, nami humjibu vizuri. Tangu wakati huo nimekuwa nikilala chali kitandani na kuinua chupa juu ya uso wangu. Tone hudondoka shavuni, hudondoka sikioni, jingine hupotelea kwenye mto. Nikiona kope zimelowa, nahesabu kwamba nimejitibu. Lakini jicho lilikuwa linazidi kuwasha na kutoa machozi, na mistari ya daftari ilikuwa imeanza kuogelea.

Asubuhi nilikwenda na chupa. Niliiweka juu ya meza yake ya kukatia, kando ya mkasi.

Aliichukua akaisoma. "Kumbe unayo! Na jana ulinikatalia." Hakucheka safari hii. Alivuta benchi la wateja. "Kaa. Kichwa nyuma, egemea ukuta. Tazama juu."

"Natazama."

"Juu, usinitazame mimi."

"Natazama juu."

"Umefumba."

"Sijafumba."

"Baba, umefumba, kope naziona hizi hapa."

Alishika kidevu changu kwa mkono mmoja, na kwa kidole gumba cha mkono wa pili akavuta ngozi ya chini ya jicho. Kidole kilinukia chaki ya kuchorea vitambaa na mafuta ya cherehani. Tangu mke wangu aondoke, ukiacha hospitali, hakuna mtu aliyekuwa amenishika uso. Sikuwa nimelifikiria jambo hilo mpaka pale, na si jambo ambalo mtu hulifikiria.

"Tulia, unalia?"

"Ni dawa," nilimwambia.

"Dawa bado sijaitia."

Alinipangusa kwa kipande cha kitambaa cheupe, kisha akadondosha tone moja. Lilikuwa la baridi, na lilifika linapotakiwa kufika. "Jioni uje tena, kabla sijafunga kazi," alisema, akarudi kwenye cherehani.

Siku hiyo niliandika. Nilianza hivi: "Mzee mmoja alikuwa hawezi kujitia dawa ya macho." Nikaisoma nikaipenda, kwa sababu ilikuwa na heshima. Kisha nikaliona darasa kichwani, nikamwona askari ameinua mkono: mzee gani? Nikafuta na kuandika "Mimi". Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kuingia katika insha yangu. Aya za kuliwaza na za kutunza mali nilizitoa zote mbili. Zilikuwa sentensi nzuri, lakini nilipozigeuza sikuona mtu nyuma yake.

Alhamisi nilisimama mbele. Karatasi yangu ilikuwa moja, wakati nimezoea kuja na tatu. Niliandika, na nikasoma, jinsi matone yalivyokuwa yakiishia kwenye mto, na jinsi nilivyomdanganya muuguzi, na benchi, na kidole gumba. Kuhusu kulia sikuandika. Mwalimu alitaka mfano mmoja, sio maisha yangu yote.

Nilipomaliza hakuna aliyepiga meza kama ilivyo kawaida yao. Askari aliinua mkono, taratibu.

"Mzee, samahani. Kwani nyumbani huna mtu?"

Nilikuwa nimeliogopa swali hilo tangu nilipoandika "Mimi". Nilikuwa hata nimeliandalia jibu refu, lenye mwanangu, na kazi yake, na ugumu wa usafiri. Nikaliangalia jibu lile lilivyofungwa vizuri kwa uzi wake.

"Sina," nikasema.

Dada msusi akauliza kama sasa jicho linaona. Nikamwambia linaona, hata yeye namwona alivyosuka upya, na hapo wakacheka, nafuu ikaingia chumbani. "Lakini leo hajatupa neno gumu hata moja," askari alilalamika. "Nilikuja na kalamu ya kuyaandika." Mwalimu aliichukua karatasi yangu, akaipitia tena akiwa amesimama. Hakuweka wekundu popote. Akafungua orodha yake ya watahiniwa na kuandika jina langu, na kwa kuwa nilikuwa karibu niliziona herufi zikija moja baada ya nyingine, nikazikagua kwa mazoea. Hakukosea.

Baada ya masomo walitoka makundi makundi. Askari alikimbilia zamu yake, na msusi alikuwa na mtu wa kumngojea getini. Nilifunga daftari langu katika kitambaa na kutembea nyumbani kwa njia yangu. Nilipenda kumwambia mtu kwamba nimesajiliwa. Nilimpigia mwanangu, simu ikaita mpaka ikakatika. Ilikuwa siku ya kazi. Sikupiga tena, ili asidhani kuna tatizo.

Sasa nakwenda kwa mama fundi asubuhi na jioni. Kazi yenyewe huchukua muda mfupi kuliko kufungua kizibo. Nikikaa sana naona namkwamisha, maana wazazi huja na watoto wao kupimwa, na benchi ni la wateja. Kwa hiyo nasema asante na kurudi ng'ambo, na kutoka hapo tunasikilizana kupitia ukutani, yeye na cherehani, mimi na kurasa zangu za jiografia. Jicho limetulia. Daktari amelitazama na kusema limepona vizuri, nimalizie chupa iliyopo, nyingine haihitajiki.

Chupa imebaki kidogo. Jana jioni, nikiwa nimeegemeza kichwa ukutani na mama fundi ameishika juu ya uso wangu, nilimwomba asiiminye sana.