Mfunga Minyororo

Mashine ya kupumulia ilinyamaza wakati Herminda anageuza maandazi ya boga kwenye mafuta. Ilikuwa ikinguruma kando ya kitanda tangu kiangazi, usiku na mchana, hata masikio yake yakaacha kuisikia. Sasa ukimya wake ukamshtua kuliko kishindo. Akazima jiko, akakimbilia chumbani.

Mumewe, Rosamel, alikuwa ameketi kitandani na mrija wake puani, viganja juu ya magoti, akivuta hewa isiyokuja.

"Umeme," alisema.

"Najua. Usiongee."

Aliuchomoa mrija kwenye mashine, akauchomeka kwenye mtungi mdogo wa hewa, ule wa kwendea kliniki. Hewa ikaanza kupita kwa mlio mwembamba. Mshale wa kipimo ulikuwa umeshakaribia sehemu nyekundu. Mtungi ule ulikuwa wa kwenda na kurudi tu, haukuwa wa kuishi nao.

Dirishani aliona kilichotokea: mti wa jirani umelala juu ya nyaya za umeme. Miti ya Santiago haikuzoea mambo haya. Mingi haipukutishi majani, na theluji ilikuwa imeyalalia mpaka matawi yakakatika. Hii ilikuwa mara ya tatu kushuka majira haya ya baridi, katika mji ambao theluji yake hukaa huko juu mlimani, watu wakaitazama kwa mbali kama mali ya tajiri.

Alipiga simu. Watu wa umeme walimwambia avute subira. Watu wa gari la wagonjwa walimwambia barabara zimezibwa na miti, na wanaohitaji hewa ni wengi. "Tutafika tukiweza, mama," sauti ilisema kwa upole, na upole ule ndio uliomkata maini.

Na huko nje mtaa mzima ulikuwa ukipiga kelele za furaha. Watu walikuwa wakiteleza juu ya mabeseni ya kufulia. Bibi mmoja alitoka na kanzu yake ya kulalia, mdomo wazi, anaonja theluji inavyodondoka. Herminda aliichukia theluji ile, akawachukia na waliokuwa wakiichezea, wakubwa kwa wadogo.

Akaenda kumgongea Nibaldo, mwuza mboga wa nyumba ya pili, mwenye pikapu, awapeleke hospitali.

"Gari ninalo, jirani, ila miguu ya gari ndiyo sina," Nibaldo alisema akiipiga teke tairi. "Vipara vitupu, kama mwenyewe. Kona ya kwanza tu, tumo mtaroni."

Aliporudi nyumbani kumpa mumewe habari, Rosamel akagonga ubao wa kitanda, akaonyesha chini kwa kidole. Herminda alipoinama uvunguni akakuta gunia, na ndani ya gunia jozi moja ya minyororo ya kufungia matairi yasiteleze.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Rosamel. Kila majira ya baridi alisimama kwenye kona ya kwanza ya barabara ya mlimani, pale polisi wanaposimamisha magari, akalala chali kwenye tope na kuyafungia matairi ya watu minyororo ili wapande wakacheze. Jioni walirudi mashavu mekundu, wamemkalisha mtu mdogo wa theluji juu ya boneti, wakishindana nani atamfikisha mjini kabla hajayeyuka. Rosamel aliwafungulia, akawaaga. Yeye mwenyewe hakuwahi kupita ile kona, kinyozi hajinyoi. Alikuwa akimwambia Herminda, "Mwakani na sisi, bibi," na mwakani ikazaa mwakani nyingine, mpaka vumbi la machimbo alikovunja mawe ujanani likammaliza mapafu.

Walimtoa nje kwenye kiti, amefungwa blanketi, mtungi mapajani. Kitambi cha Nibaldo kilikataa kuingia chini ya gari, kwa hiyo aliyelala kwenye theluji ni Herminda.

"Wa ndani kwanza," Rosamel alisema. Akapumzika. "Nyuma ya tairi. Ndoano itazame nje."

"Vidole vimekufa ganzi, mzee."

"Papasa. Hata mimi... nilikuwa napapasa."

Alitamani kumwambia anyamaze. Kila neno lilikuwa linatoka kwenye ule mtungi. Lakini bila maneno yale gari lisingeondoka, basi akayapokea moja moja huku machozi yakimtiririkia masikioni.

"Sasa asogeze kidogo. Halafu... ukaze tena. Mnyororo haukazwi mara moja."

"Jamani, kumbe anaongea!" Nibaldo alisema akiwa ameshika usukani. "Miaka yote hii nilimdhania bubu."

Rosamel alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na Herminda akamtukana Nibaldo tusi ambalo hakuwahi kumtukana mtu.

Gari lilishika njia. Minyororo ilitafuna theluji vizuri, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Herminda akaona kama Mungu amekumbuka nyumba yake. Wakafika kwenye bustani ya mtaa, na hapo barabara ikaisha. Mti mkubwa ulikuwa umeanguka kutoka ukingo hadi ukingo, na watu wamekaa juu yake wanapigana picha.

Nibaldo alizima gari. "Hospitali si mbali. Naenda kwa miguu, nitarudi na mtungi mpya mgongoni. Bubu wako aningojee." Akaliparamia gogo, akaangukia upande wa pili, wakamsikia akilaani. Kisha hawakumsikia tena.

Wakabaki wawili. Mshale ulikuwa umeingia kwenye nyekundu. Ng'ambo ya kioo watu walikuwa wakikimbizana, mbwa wakibweka, baba mtu mzima akibingirika kama pipa na mwanawe akimshangilia.

"Nishushe," Rosamel alisema.

"Utamaliza hewa, mume wangu."

"Hata humu itakwisha."

Herminda alitazama lile gogo. Hapakuwa na mtu anayekuja. Akafungua mlango, akamkumbatia kifuani, akamburuta na mtungi wake mpaka kwenye benchi.

Rosamel aliinyoosha miguu yake, akakanyaga, akainua, akakanyaga tena. "Kumbe inalia," alisema. "Sikia."

Theluji ilikuwa inalia kweli chini ya kiatu, kama unga mkavu unaposhindiliwa.

Bonge la theluji liliwapita watoto, likampiga Rosamel begani. Msichana aliyevaa soksi mikononi akaja mbio. "Samahani, babu!"

"Samahani ya nini? Lenga vizuri." Akamgeukia mkewe. "Na wewe nipige."

"Mzee!"

"Nipige, bibi. Tumekuja kucheza au kuuza sura?"

Herminda akatupa bonge moja, likaangukia viatuni pa mumewe.

"Hovyo! Marehemu mama yako... angenipiga jichoni."

La pili likaiangusha kofia yake. Rosamel alicheka mdomo wazi, mabega yakimruka, na Herminda naye akajikuta anacheka, kwa aibu, kwa uchungu, bila kuweza kujizuia.

"Jingine," Rosamel alisema kwa shida.

Herminda akampa mgongo, akainama kwenye matawi yaliyoanguka kutafuta theluji safi. Nyuma yake kicheko kiligeuka kikohozi, kikohozi kikawa kidogo, kisha zikabaki kelele za watoto tu. Mlio wa mtungi hakuusikia. Labda ni kwa sababu ya kelele zile. Juu ya gogo hapakuwa na mtu anayekuja. Bonge mikononi mwake lilikuwa limeshakuwa mviringo. Akachota theluji nyingine, akaiongeza, akaendelea kulifinyanga polepole, uso ukitazama mti, asigeuke nyuma.