Mabala Akicheua

Tangu Mabala afe, ng'ombe wa mzee Masunga walikuwa hawalali. Jua likiegemea tu miti ya Kasokola, wanaanza kuzunguka ndani ya zizi, mkia huku, pembe kule, mpaka mmoja asukume miiba na wenzake wamfuate moja kwa moja kwenye mahindi ya jirani yao Dorika. Mabala alikuwa jike kiongozi, mweupe mwenye madoa ya rangi ya majivu, na kengele ya chuma shingoni. Yeye akilala, wote wanalala. Sasa mkutano wa kijiji ulikuwa umekata shauri: wakivunja zizi mara moja tena, kundi lihame, liende porini upande wa Inyonga. Na mzee Masunga, kwa goti lake lililoharibika, hakuwa tena mtu wa kufuata ng'ombe porini. Kuhama kwao kulikuwa kuachana nao.

Binti yake Minza alifanya kazi mjini Mpanda, kwenye chumba cha parokia ambako kwaya zilirekodi kaseti. Mwaka uliopita alikuwa amerekodi zizi la baba yake, Mabala akiwa hai bado, kwa ajili ya igizo la Krismasi. Aliitafuta kaseti ile, akaipangusa vumbi kwa upindo wa kanga, akaingiza sauti ya zizi kwenye kompyuta.

"Nyie Wasukuma," alisema Krispini, Mfipa aliyesimamia chumba, "ng'ombe akifa mnamwekea matanga hata kwa mashine."

"Wewe utakufa bila hata mbuzi wa kukulilia, mtani."

Kompyuta iliionyesha sauti kama kitambaa kilichotandazwa: nyuzi nzito chini, nyembamba juu. Kila uzi uliweza kuushika peke yake, ukaufuta, ukaurefusha. Minza alichagua mlio mmoja wa kengele ya Mabala. Kila kilichoonekana uchafu chini yake, mikwaruzo na mivumo, akakifuta. Akaurefusha mlio, akapanga nakala zake zipokezane mpaka upande mzima wa kaseti ukajaa. Hata Krispini alisogeza kiti asikilize.

Jioni alitundika redio kaseti kwenye nguzo ya zizi. Ng'ombe wakainua vichwa. Masikio yakageuka. Kisha wakajipanga, wakaelekea langoni, wakaanza kusukuma.

"Zima, mayu, mama yangu," alisema baba yake, bega lake limekaza miti ya lango. "Zima hiyo kitu."

Alizima. Dorika alikuwa amesimama kwenye mahindi yake, jembe begani.

"Naona leo mmewaletea na bendi ya kuwasindikiza kwangu."

Lango lilishika, lakini kwa shida.

Minza hakutulia. Alikaa juu ya kinu kilicholazwa, akasimama, akakaa tena. Mwishowe akaweka ile kaseti ya mwaka uliopita, akabana sikio kwenye spika. Kengele ililia mara moja, kisha ikakaa muda mrefu isilie. Na katikati ya hapo kulikuwa na ule uchafu alioufuta: meno yakisaga, tumbo likinguruma, pumzi ndefu ya ng'ombe aliyeshiba. Mabala akicheua.

Alijipiga paja. Yeye aliyelala utoto wake wote akitenganishwa na ng'ombe kwa ukuta mmoja wa udongo, alisahau vipi?

"Baba, kengele ikilia mfululizo, ng'ombe anafanya nini?"

"Anatembea." Mzee alimwangalia, halafu akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Mabala afe. "Kumbe ulikuwa unawaswaga."

Asubuhi alirudi mjini. Safari hii alichukua msago mmoja wa meno na pumzi moja, basi. Kila nakala akairefusha kivyake, hii kidogo, ile zaidi, kwa sababu kundi halicheui kwa mdundo mmoja kama kwaya. Nyuzi nzito akazikoleza ziwe za tumbo kubwa. Zile nyembamba akazipunguza zisichome. Kengele akaiweka kwa nadra na kwa mbali, kama ng'ombe aliyetikisa inzi usingizini. Kompyuta ilikokota kazi hiyo mpaka mchana ukapinda, na Minza muda wote alizunguka chumbani, dirishani, mlangoni.

"Keti bwana," alisema Krispini. "Ukinivunjia mlango nakupeleka kwenye mkutano wa kijiji."

Jioni Dorika alikuwa ameshafika mpakani na jembe lake. Kaseti ikaanza. Ilikuwa kama zizi lingine, kubwa zaidi, limelala ndani ya lile lao. Ng'ombe walizunguka. Wakazunguka tena. Minza aliuma ncha ya kanga. Jike mmoja mwekundu akasogea kwenye nguzo, akainusa redio, akakunja magoti ya mbele. Mwingine akafuata. Wa tatu alilala, akabadili mawazo akasimama, akalala tena.

Ghafla kaseti ikafika mwisho na kitufe kikaruka, ta. Masikio yote yakainuka. Minza alikimbilia kuigeuza, baba yake akamshika mkono.

"Subiri. Sikiliza."

Redio ilikuwa imezimika, lakini meno ya ng'ombe wenyewe yalikuwa yanasaga bado, na pumzi zikienda na kurudi gizani mwa zizi.

Dume mmoja mdogo tu ndiye aliyebaki wima, ametazama lango. Dorika naye alimtazama, muda mrefu. Kisha akashusha jembe, akaenda zake, akigeuka nyuma kila baada ya hatua chache.